Mwaka wa Mvua Masikioni

Tulimzika Espérance mwezi wa pili, na baada ya mazishi tukaenda kula kwenye ukumbi wa kanisa lao kule Longbridge, Birmingham. Meza ndefu zilikuwa zimepangwa kando ya ukuta, juu yake kuna sombe ya majani ya mihogo, wali, ndagala wa kukaanga na soda za kila rangi, na akina mama wa kwao Uvira, Kongo, walikuwa wakizunguka na sahani, wakimlazimisha kila mtu ale. Fidèle, mumewe, alikaa pembeni na koti lake bado mwilini. Mimi nilikaa karibu na dirisha, na nyuma yangu wanawake wawili walikuwa wakimsema marehemu kwa upole. Mmoja alisema, “Ule mama alikuwaka na roho ya kimya. Ata kule hospitali hakulalamika.” Mwenzake akajibu, “Alizaliwa vile.” Nikaweka kijiko chini. Nilitaka kugeuka niwaambie kwamba hakuzaliwa vile, kwamba mimi nilimjua akiwa mwanamke anayecheka mpaka jirani wa nyumba ya pili anagonga ukuta. Sikugeuka. Msibani hakuna mtu anayetaka kusahihishwa. Baadaye kidogo binti yake, Grâce, akaja kukaa nami. Amefanana na mama yake kwenye paji la uso na mikono. Aliniuliza kwa Kiingereza nilijuana na mama yake wapi, nami nikamjibu kwa Kiswahili, maana najua anakielewa ingawa hajibu kwacho, kwamba tulikuwa tukipokea simu pamoja, kabla yeye hajazaliwa. Akauliza kama mama yake alikuwa hodari kwenye kazi hiyo. Nikasema ndiyo, sana. Ilikuwa kweli, lakini ilikuwa sehemu ndogo mno ya kweli, na tangu siku ile nimekuwa nikimsimulia kichwani mwangu sehemu iliyobaki.

Nilikuwa na miaka ishirini na sita. Nilikuwa nimepanga chumba mtaa wa Lozells, jiji lile lile, katika nyumba ya matofali mekundu iliyobanwa kati ya nyumba nyingine kama yenyewe, hatua chache kutoka kwenye duka lililotandaza mihogo na bamia na mafungu ya kotimiri hadi kwenye njia ya miguu. Mwenye nyumba alikuwa mjane wa Kihindi aliyezaliwa Kisumu. Tulimwita Mama Hansa. Alikuwa mwembamba, anavaa sweta la mumewe marehemu juu ya sari, na jikoni kwake kulikuwa na sheria moja tu: nyama isiingie kwenye sufuria zake. Katika chumba cha juu kinachotazama barabara alikaa Espérance, Espe kwetu sote. Ndiye aliyenitafutia kazi pale alipokuwa akifanya yeye, na jioni tulikuwa tukirudi pamoja na kukuta Mama Hansa ameshaweka mafuta motoni. Napakumbuka pale jikoni kuliko chumba changu mwenyewe. Dirisha lilikuwa halifunguki, ukuta una madoa ya manjano ya bizari, na meza ilikuwa ya plastiki, ya kuwekwa bustanini, ambayo mguu wake mmoja uliegemezwa kwa kipande cha zulia. Tulikuwa na Kiswahili cha aina tatu pale mezani na tulikigombania kila siku. Mama Hansa akisema ndengu, mimi nasema hizo ni choroko, naye ananiuliza kama mimi ndiye ninayezipika. Espe anatuangalia sote wawili. “Yote iko maharagi,” anasema. “Mulete tukule.” Halafu anacheka kile kicheko chake, na ukutani tunasikia jirani: ngo, ngo, ngo.

Kampuni iliyotuajiri ilikuwa ikiwauzia watu huduma ya kutengenezewa boila, ile mashine ya gesi inayopasha moto maji na nyumba nzima. Kipindi cha joto kazi ilikuwa ya kusinzia. Baridi ilipoingia, boila za jiji zima zilianza kufa kwa pamoja, na mafundi hawakutosha. Kazi yetu sisi wa simu, nikiisema bila kuipamba, ilikuwa kuwaambia watu wenye baridi kwamba wataendelea kuwa na baridi. Tulikaa kwenye ukumbi mmoja usio na madirisha ya maana, hedifoni kichwani, na juu ya kila meza palikuwa na kioo kidogo cha kujitazamia. Vioo hivyo aliviagiza Darren, msimamizi wetu. Alikuwa kijana mwenye sura njema, wala hakuwa mtu mbaya. Aliamini kwamba mteja husikia tabasamu, kwa hiyo ukizungumza ujitazame na utabasamu. Alikuwa pia akisikiliza simu zetu bila kutuambia, kisha anakuita na kukuchezea sauti yako mwenyewe. “Hapa,” anasema, “hapa tabasamu limekatika.” Mimi Kiingereza changu kilikuwa cha shule na watu walinivumilia. Espe alikuwa amejifunzia Kiingereza Birmingham, juu ya Kifaransa, na alikisema vizuri kabisa, lakini kwa lafudhi ambayo baadhi ya wateja waliichukulia kuwa tusi. Nilikuwa nikimsikia kutoka meza ya pili. “Niko Birmingham, bwana. Hapana bwana, si Afrika. Ndiyo, bwana, Birmingham hii hii.” Wakati mwingine waliomba wapewe mtu wa hapa, naye alibonyeza kitufe, na simu ikanifikia mimi wa Tanga.

Angeweza kuacha. Watu wengi waliacha kabla ya Krismasi, waliondoka saa ya chakula cha mchana na hawakurudi tena. Lakini Fidèle wakati huo alikuwa bado mchumba tu, yuko Bujumbura, na ili Espe aruhusiwe kumleta ilibidi awe na kazi inayoeleweka, ya mkataba, na hiyo ndiyo aliyoipata. Kwa hiyo alivumilia. Alianza kwanza kukosa usingizi, kisha akaanza kutapika asubuhi kabla ya kwenda kazini, kimya kimya, huku amefungulia bomba la maji ili tusimsikie. Tulimsikia. Mama Hansa alinishika mkono siku moja kwenye ngazi, akaniuliza kwa sauti ya chini, “Zuhura, huyu msichana ako na mimba?” Nikamwambia hapana, Mama, ni kazi. Akaniangalia kana kwamba nimemtajia ugonjwa ambao hajawahi kuusikia.

Kisha zikaja rekodi za kutuliza akili, ambazo Espe alipewa na mwenzetu mmoja wa kazini. Jumamosi moja alikuja chumbani kwangu na simu yake, akakaa kitandani na kunitia spika moja sikioni, nyingine akajitia yeye.

“Unasikia nini?”

“Mvua.”

“Bon. Chini ya mvua kuko mutu.”

“Mtu gani? Mimi nasikia mvua tu.”

“Ile ndiyo dawa yake. Sikio haliskie, mais, lakini kichwa kinaskia. Anasema: niko salama. Niko mutulivu. Maneno ya batu hayaniingie.”

“Umejuaje anasema hivyo, na wewe husikii?”

“Wameandika kwa site yao,” alisema, na sote wawili tukacheka, kwa sababu hata yeye alijua jibu hilo lilivyo. Lakini hakuitoa spika, wala mimi sikuitoa. Tulikaa pale, mabega yanagusana, tukisikiliza mvua ya watu wasiojulikana, na nje ya dirisha mvua ya Birmingham ilikuwa ikinyesha kama kawaida yake.

Tulipomweleza Mama Hansa, alishangaa. “Mimi nasikia mvua ya bure hapa miaka yote,” alisema, akigeuza chapati kwa vidole. “Nyinyi mnasikia ya simu?” Hakutaka hata kujaribu. Sisi tulijaribu, na baadaye hatukuwa tukijaribu tena, tulikuwa tukiishi humo. Kulikuwa na rekodi ya kazini, ya usingizi, ya kujiamini, ya kupokea lawama bila kuumia. Zote zilikuwa mvua, isipokuwa moja iliyokuwa mawimbi. Tuliziweka tukiwa kwenye basi, tukioga, tukipiga pasi, tukilala. Likawa neno la nyumbani, Espe akinikuta kwenye ngazi aliniuliza, “Umeweka mvua?” kama watu wengine wanavyoulizana kama wamekula. Siku hizi nikiwasimulia watu, wapo wanaosema vitu vile havifanyi kazi kabisa, na wapo wanaoapa kwamba vimewaokoa. Mimi sijui. Najua tu kwamba baada ya wiki kadhaa mtu aliweza kunitukania mama yangu kwenye simu nami nikaendelea kutazama kile kioo, nikitabasamu, huku maneno yake yakipita mbali kama gari la barabara ya pili. Darren alinichezea sauti yangu mbele ya wenzangu wapya kama mfano wa kuigwa. Nilijisikiliza. Ilikuwa sauti nzuri. Sikuitambua.

Kilichotangulia kubadilika ilikuwa jikoni. Sikukiona wakati ule, naona sasa. Tulirudi kazini na spika masikioni, tukala nazo, sikio moja limefungwa na moja limeachwa wazi kwa ajili ya heshima. Mama Hansa alituambia habari zake za siku, nani amekufa Leicester, nani ameoa nani, nasi tukasema, “Eeh, Mama.” Hakukuwa na ugomvi wa choroko tena. Jirani hakugonga ukuta. Jioni moja Mama Hansa aliweka mezani khichdi, ule wali wake wa choroko, akavuta kiti, akatutazama mmoja baada ya mwingine. “Nimekaa na mzee wangu miaka mingi, alikuwa haongei,” alisema. “Amekufa. Nikasema sawa, nitaweka wapangaji, nyumba itakuwa na maneno. Sasa mimi nimeweka nini?” Espe alitoa spika, akaomba msamaha, na usiku ule tulizungumza mpaka chai ikapoa. Kesho yake mvua ilirudi masikioni. Hatukuwa tumeamua chochote. Ilikuwa vigumu tu kupanda lile basi bila hiyo.

Simu iliyommaliza Espe iliingia mwezi wa kwanza, katika ile wiki ya theluji. Haikuwa ya matusi. Nilikuwa nimemaliza ya kwangu na kusubiri nyingine, kwa hiyo nilimsikia vizuri. Alikuwa akizungumza na mwanamke wa mtaa wa Shard End, mwenye mtoto mchanga, ambaye boila yake ilikuwa imekufa siku kadhaa na fundi aliyeahidiwa hakutokea. Mwanamke yule hakupiga kelele. Alilia, Espe aliniambia baadaye, kama mtu anayelia akiwa peke yake, kana kwamba amesahau kwamba simu iko mkononi, na nyuma yake mtoto alikuwa akikohoa. Espe alitazama kompyuta, hakukuwa na fundi mpaka wiki inayofuata. Akaenda kwa Darren na hedifoni shingoni, akamwomba amsogeze nyuma mteja mwingine ili mwanamke yule apate fundi. Darren alisema, kwa upole, kwamba kila mtu kwenye foleni ana mtoto au mgonjwa au mzazi mzee. Espe akarudi, akakaa, akamwambia yule mwanamke siku ya fundi, akamaliza kama tulivyofundishwa kumaliza: asante kwa kutupigia, uwe na siku njema. Nilimwona akijitazama kwenye kioo na kutabasamu. Simu iliyofuata ikaingia. Espe akafungua mdomo kwa ile salamu yetu, na hakukutoka kitu. Alijaribu tena. Nilidhani ni hedifoni. Akanigeukia, akagusa koo lake kwa vidole viwili, na macho yake yalikuwa ya mtu aliyepoteza ufunguo tu, bado hajaanza kuogopa. Nilivuta ile simu kwangu. “Samahani kwa kukusubirisha,” nilisema.

Daktari wa mtaa alimwandikia apumzike. Hospitali walimpitishia kamera ndogo puani mpaka kooni, wakasema koo ni zima, nyuzi za sauti ni nzima, hakuna uvimbe wala jeraha. Walisema ni msongo, na kwamba kuna mtaalamu wa sauti atakayemwona nafasi ikipatikana. Espe alirudi nyumbani akalala kifudifudi. Siku zilizofuata aliishi kwa ishara na kwa ubao mdogo wa sumaku wa kwenye friji. Kanisani kwao walimwekea mikono. Fidèle alipopiga kutoka Bujumbura mimi ndiye niliyepokea, nikasema ana mafua, sauti imekauka, naye akaniuliza, “Mafua gani hii, dada, ya wiki zote hizi?” Espe alikuwa amekaa mbele yangu, machozi yanashuka bila uso wake kubadilika. Na mvua haikutoka masikioni mwake. Aliisikiliza zaidi sasa, mchana na usiku, zile zote alizokuwa nazo na nyingine mpya za kurudisha kilichopotea. Nilipomwandikia kwenye ule ubao, maana mimi pia nilikuwa nimeanza kumwandikia kana kwamba ni kiziwi, kwamba labda apumzike nazo, alifuta kwa kiganja, akaandika: Niko na nini ingine?

Sauti ilirudi alasiri moja ya Jumapili. Mama Hansa alikuwa akipika, na shali yake ilikuwa ndefu. Alipogeuka kuchukua chumvi, ncha yake ikapita juu ya moto wa gesi. Mimi nilikuwa nimeinama nikichambua mchele. Nilisikia sauti ambayo sikuwa nimeisikia tangu theluji, nzito, ya juu, ya mtu anayeita kutoka upande wa pili wa mto: “Mama! Nguo inawaka! Mama, vua, vua!” Espe alikuwa amesharuka, ameivuta shali, anaikanyaga sakafuni kwa soksi tupu. Moshi ulijaa. Mama Hansa alisimama ameshika kifua, na wala hakutazama shali. “Umeongea,” alisema. “Wewe umeongea!” Espe alifunika mdomo, akaufunua. “Nimeongea,” alisema. “Zuhura, nimeongea. Yesu, nimeongea!” Tulikumbatiana watatu, tukalia kwa moshi na kwa furaha, na kwa mara ya kwanza kwa muda mrefu ukuta ukagongwa. Nikamwambia ampigie Darren kesho asubuhi. Akasema hapana, sasa hivi, aache ujumbe. Akabonyeza namba, akasikiliza mlio, akafungua mdomo kusema kwa Kiingereza jina lake na kwamba anaendelea vizuri. Midomo ilicheza. Shingo ilikaza mpaka mishipa ikatoka. Hakukutoka kitu. Akakata simu, akanitazama. “Nini hii?” aliuliza kwa Kiswahili, waziwazi kabisa. “Zuhura, nini hii?” Alijaribu Kifaransa, kikatoka. Akajaribu tena Kiingereza, hata neno dogo la kumsalimu mtu, na koo likafunga kama mlango.

Wale wa ofisini hawakuamini, na siwezi kuwalaumu sana; mimi mwenyewe niliyekuwa naye jikoni niliona ugumu kuamini. Walimwita kwenye kikao cha kuamua kama anaweza kuendelea na kazi. Waliruhusu aje na mwenzake, akanichagua mimi. Kilikuwa chumba kidogo chenye kuta za vioo, sanduku la karatasi za kujifutia machozi limewekwa tayari katikati ya meza. Darren alikuwepo, pamoja na mwanamke wa idara ya wafanyakazi, mpole, mwenye nywele nyeupe. Mwanamke huyo alimsogezea Espe karatasi na kalamu, akasema anaweza kuandika majibu yake kama hilo ni rahisi zaidi. Espe alivirudisha kwa kidole.

“Mwambie mimi si bubu,” alisema. “Niko na luga tatu. Mbili zinafanya kazi.”

Nilitafsiri. Mwanamke akauliza ni kitu gani hasa kilitokea siku ile. Espe akaweka mikono yote miwili mezani, akaanza.

“Mwambie kulikuwa mwanamke wa Shard End. Alikuwa na mutoto anakohoa ndani ya baridi. Alinililia mimi, na mimi nikamwambia awe na siku njema. Mulinifundisha kusema ile. Mulinipa kioo nijiangalie vile ninasema.”

Nikasema kwa Kiingereza kwamba mwenzangu alipata simu ngumu iliyomgusa sana. Espe akanigeukia. Alikuwa anaelewa kila neno, bila shaka. Koo ndilo lililofunga, si masikio.

“Non. Sikusema ngumu. Sema vile nimesema.”

Nikaanza upya, nikasema vile alivyosema. Darren aliangalia mikono yake.

“Mwambie,” Espe aliendelea, na sauti yake haikuwa ya hasira, ilikuwa imechoka tu, “kwetu nilikimbia askari. Askari, mutu anaweza kukimbia. Unaacha nyumba, unaacha sufuria kwa moto, unaenda. Ile simu nitaikimbilia wapi? Iko ndani ya sikio yangu. Na ile mvua nimeweka juu yake, mvua na mvua na mvua, iko palepale. Mwambie nataka kazi. Niko na mutu ananingoja. Wanipe kusafisha, wanipe kubeba sanduku, nitafanya. Mais ile simu, hapana.”

Nilitafsiri yote hayo, neno kwa neno. Na nilipokuwa nikitafsiri niliisikia sauti yangu mwenyewe ndani ya kile chumba cha vioo. Ilikuwa ile ile ya kupokea wateja. Haikutetemeka kwenye askari, haikutetemeka kwenye sufuria iliyoachwa motoni. Nilikuwa nikitabasamu, na kioo hakikuwepo. Nilijaribu kuacha, nikatafuta ndani yangu kitu cha kuikwaruza sauti ile ili wajue kwamba aliye mbele yao ni rafiki yangu, nisikipate. Nilipomaliza, Darren alitikisa kichwa taratibu kwa kukubali, kama anavyofanya akisikiliza simu iliyokwenda vizuri. Yule mwanamke alimshukuru Espe kwa uwazi wake, kisha akanigeukia na kuniambia kwamba nina kipaji cha kazi ile.

Hawakuwa na kazi ya kusafisha wala ya kubeba masanduku. Hizo zilikuwa za kampuni nyingine. Walimwachisha kazi kwa sababu za afya, na walifanya hivyo kwa maneno mazuri. Tukashuka kwa lifti. Chini, mlangoni, Espe alinifunga kifungo cha juu cha koti, ingawa mimi sikuwa nikienda nje. Saa ya mapumziko ilikuwa imeisha na ilinibidi kurudi kwenye meza yangu. “Enda,” alisema. “Wanakungoja.” Nilipanda. Simu ya kwanza ilikuwa ya mzee aliyetaka tu kujua jinsi ya kuzima kengele ya boila, na nilimsaidia vizuri sana.

Mwezi uliofuata Espe alihama Lozells. Mama mmoja wa kanisani kwao alikuwa na chumba Longbridge, na alimpatia kibarua kwenye jiko la kupikia wazee. Mama Hansa alimfungia sufuria mbili kwenye gazeti, mojawapo ikiwa ile ambayo hakuwahi kumruhusu mtu kuigusa, akamwambia, “Weka nyama ndani kama unataka. Mimi sitaona.” Mlango ulipofungwa alikaa kwenye kiti cha plastiki muda mrefu. Nilikaa naye. Sikuwa na spika masikioni jioni ile, lakini hata hivyo sikupata la kumwambia.

Nilikwenda kumtembelea Espe majani yalipoanza kuchipua. Kule Longbridge, pale palipokuwa na kiwanda cha magari, palikuwa uwanja mtupu wa kifusi, na pembeni yake mashine zilikuwa zimeanza kusimamisha nyumba mpya zisizo na mapazia. Chumba chake kilitazama uwanja huo. Alinipikia bugali, ugali wa kwao, na samaki, tukala kwa mikono, sahani moja. Alikuwa amenenepa kidogo. Alinisimulia kwamba Kiingereza kimeanza kurudi, kipande kipande, na neno la kwanza lililotoka lilimtoka jikoni, mkubwa wake alipomtaka abaki zamu ya pili. “Nikasema no,” alinisimulia. “Likatoka lenyewe, kubwa sana. Wazee wote waligeuka.” Alicheka, si kile kicheko cha kugongewa ukuta, lakini alicheka. Maombi ya kibali cha kumleta Fidèle yalikuwa yamesimama. Ingechukua muda, labda miaka. Alinieleza hilo huku akitoa miiba ya samaki na kuniwekea minofu upande wangu wa sahani.

Kwenye dirisha, karibu na kitanda, niliona simu yake na zile spika, waya umeviringishwa vizuri. Nilikuwa nimejiaminisha kwamba ameziacha. Nilikuwa nimekuja, nadhani, kuambiwa kwamba ameziacha, ili nami nijue inawezekana.

“Bado unasikiliza?” nilimuuliza.

“Kila siku.”

“Baada ya yote yale? Espe, zilikusaidia nini?”

Alinawa mikono kwenye bakuli, akajifuta, akatazama nje kwenye kile kifusi.

“Sijue kama zinasaidia,” alisema. “Mais siku nzima hakuna mutu ananiambia neno nzuri. Kazini wananiambia peleka, leta, fanya mbio. Fidèle ananiambia lini, lini. Pale ndani kuko mutu ananiambia niko salama. Ata kama simuskie, Zuhura, najua anasema.”

Nilitaka kumwambia kwamba mimi ningeweza kuwa mtu huyo, kwamba ningempigia kila jioni na kumwambia. Nilifungua mdomo, na nikahisi ile sauti ya kazini ikijipanga kooni kabla ya maneno, laini, tayari kabisa. Nikafunga mdomo. Nikasimama, nikakusanya sahani, tukaosha vyombo pamoja, yeye anaosha, mimi nafuta. Kisha nikamuaga na kwenda kungoja basi kando ya ule uwanja mtupu, kwa sababu kesho yake ilikuwa Jumatatu.